Maneno Niliyoyatia Bei

Claudette, mama yangu,

Mama yako anafungua sanduku lako tena aone kama ndagala, dagaa wa kwetu, hawajavuja. Amewafunga kwa mifuko miwili ili basi zima lisijue umetoka ziwa gani. Mambo ya pasi, ya maji ya njiani, ya kutolala mkifika mpakani, amekwisha kukuambia, na kesho asubuhi atakuambia tena mbele ya abiria wenzako mpaka uone haya. Huko sina la kuongeza. Nimekaa chumba cha mbele kwenye kiti kimoja cha bosi wangu, kile chenye mguu uliopasuka, na ninaandika haraka kwa sababu umeme huu si wa kuuamini.

Naandika kwa sababu nimeshindwa kusema. Cheka ukitaka. Mtaa wetu wa Ngagara umejaa watu waliooana kwa mdomo wangu, na wewe, binti yangu wa pekee, nimekuzunguka wiki hii yote, nafungua kinywa, kisha nakuuliza kama umekula.

Kesho unakwenda Lusaka kwa Patrick, mwanaume ambaye umemwona zaidi kwenye simu kuliko kwa macho yako. Sisemi ni mtu mbaya. Simjui, ndilo ninalosema. Hapa mjini anayemjua vizuri ni yule mjomba wake wa Kanyosha, na mjomba ni wao. Ndoa hii ikikwama, upande wao kuna mtu wa kuitwa. Upande wetu hakuna. Unakwenda mbali, na nyuma yako hakuna hata mtu mmoja mwenye haki ya kusimama akasema, "Binti huyu nilimtoa mi." Jambo hilo linanila moyo, na limetokana na mimi kubadilisha kazi nikiwa na miaka arobaini na sita.

Desturi unaijua, lakini niache niiseme, maana mimi mwenyewe niliisahau nikiwa katikati yake. Siku ya mahari baba hasemi. Anakaa mbele, amevaa vizuri, amenyamaza, na mtu mwingine anasema badala yake. Msemaji wa wenyeji anajifanya hajui wageni wamefuata nini: je, mmepotea njia, au mnamtafuta mbuzi wenu? Msemaji wa wageni anasifu ng'ombe, anaomba ruhusa ya kuleta ng'ombe, na wote tunajua kwamba ng'ombe hayupo, tuko Quartier ya tatu chini ya hema la kukodi, na ng'ombe wa mwisho wa ukoo wetu alibaki Fizi kwa babu yangu. Watu wanacheka, vinywaji vinapita. Hayo ni mapambo. Kazi yenyewe ya msemaji inaanza baadaye. Yule aliyesema siku ile ndiye anayeitwa mume akiinua mkono, au mke akirudi kwao na mfuko wa nguo. Anaketi baina ya koo mbili na kila upande lazima umsikilize, kwa sababu neno lilikuwa lake. Ndiyo maana wazee walimchagua ndugu au jirani, mtu anayekaa palepale na ambaye hawezi kukimbia alichokisema.

Mimi nilianza hivyo, kama jirani. Nilikuwa mwalimu wa Kifaransa, mtoto wa Wakongo aliyekulia Ngagara, kwa hiyo niliweza kusema Kirundi cha wazee wa hapa na Kiswahili cha wajomba wa Uvira, na nilijua kila upande unachekeshwa na nini. Baba Didier wa nyumba ya pili aliniomba nimsemee binti yake mkubwa. Nikasema. Watu walipiga makofi mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Tangu siku hiyo Jumamosi zangu zikawa na wenyewe. Walikuja na chupa ya asali, au jogoo, au bila kitu, wakakaa pale ulipo mlango, wakasema, "Mwalimu, tunakuomba mudomo wako." Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa ukikimbia kumwambia mama yako kwamba watu wamekuja kuomba mdomo wa papa.

Nilikuwa na furaha, Claudette. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Sijapata furaha kama ile mahali pengine popote.

Sasa uniweke Jumatatu. Darasa la watoto tisini, watatu kwenye dawati la wawili, chaki inayovunjika, na mimi nasema kitu nilichokisema mwaka jana na mwaka juzi. Kuna uchovu unaompata mtu katikati ya maisha ambao hauponi kwa kulala. Nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kama redio ya jirani. Mshahara ulikuwa unakata roho kabla ya mwezi, hilo kweli, lakini nikikuambia niliacha kwa ajili ya mshahara nitakuwa nakudanganya. Wale watoto walinisikiliza kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Jumamosi watu wazima walinisikiliza kwa kupenda. Nikaanza kujiuliza kwa nini nimpe direkta wa shule siku tano na niwape wanaonipenda siku moja tu. Ni swali zuri. Hata leo naliona zuri. Lilinimaliza.

Mama yako alikataa tangu mwanzo. Unamjua, yeye hana hotuba. Alikuwa anapepeta mchele, akasema bila kuinua macho:

"Mutu haachake kazi ya serikali juu ya makofi."

Nikamwambia haelewi, kwamba dunia imebadilika, kwamba kila kipaji siku hizi kinalipwa. Akasema, "Sawa, baba. Lakini makofi haiko chakula." Kule pwani wangesema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa nimewafundisha watoto methali hiyo kwa Kifaransa, tukatafuta inayofanana nayo, nikaiandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. Kuijua methali na kuisikia ni vitu viwili.

Nilipeleka barua shuleni nikaacha. Nikashona suti ile ya kijivu. Nikachapisha vikaratasi vyenye jina langu na namba ya simu, nikavigawa kanisani, sokoni, hata msibani, Mungu anisamehe. Mtu akija kuomba mdomo, badala ya kumkaribisha kiti na kuuliza habari za watoto, nikawa nauliza tarehe, idadi ya wageni, na kama kuna sono, yaani spika na mikrofoni. Kisha nikataja bei. Wa kwanza kutajiwa alikuwa Baba Didier, kwa binti yake wa pili. Alitazama mikono yake, akasema, "Ni vizuri, mwalimu, kila mutu ale kwa jasho yake." Akalipa. Nikaona ameelewa. Leo najua alikuwa ameaga.

Mwaka wa kwanza ulienda vizuri, sikatai. Mlikula nyama. Wewe ulipata viatu vya kuingia chuo. Lakini mimi mtu niliyesoma sikukumbuka jambo ambalo hata muuza karanga analijua, kwamba hapa watu huoana kiangazi. Mvua ikianza, sherehe zinakwisha. Kwaresima ikiingia, ndiyo kabisa. Miezi nilikaa na suti yangu ukutani tunatazamana. Mama yako alikuwa akiipangusa vumbi na kuirudisha ukutani. 

Halafu petroli ikakosekana. Wageni wakashindwa kufika, sherehe zikapungua, familia zikafanya mambo sebuleni kwa watu kumi, na kwa watu kumi nani analipa msemaji? Mjomba yeyote anatosha. Na wale walioniita walianza kunitazama kwa jicho lingine. Zamani nikifika walisimama. Sasa kijana wa sono alikuwa akinionyesha mahali pa kukaa na kuniambia, "Mzee, ufanye haraka, keki itayeyuka." Siku moja, huko Gasenyi, nikiwa katikati ya maneno yangu mazuri kuliko yote, yale ya mto na daraja, mama mmoja mstari wa pili akayamalizia kabla yangu. Aliyasikia wiki iliyotangulia kwenye mahari ya mpwa wake. Watu wakacheka, nami nikacheka, mgongo umelowa jasho. Nilikuwa nimetoroka darasani kwa sababu ya kurudia maneno, na pale nilikuwa nayarudia vilevile, tena bila pensheni.

Nikuambie nililolielewa nikiwa nimechelewa. Utafika umri wangu, nawe siku moja utaichoka kazi utakayokuwa nayo, na utaanza kutazama kile kitu unachokifanya kwa furaha siku ya mapumziko. Watu watakuambia, fuata hicho. Labda kwa wengine ni kweli. Mimi nilikuwa nimefikiri wananipenda kwa sababu nasema vizuri. Waliniita kwa sababu nilikuwa wao. Kusema vizuri kulikuwa chumvi tu. Nilipowatajia bei nikawa mtu wa nje, na watu wa nje wanaosema vizuri wako wengi, wengine wana sauti nzuri kuliko yangu na meno yote.

Evelyne unamkumbuka. Huna namna ya kumsahau, wewe ndiye uliyemfungulia. Binti wa watu wa Gasenyi, niliyemsemea kwa pesa katika mwaka ule wa nyama. Alikuja mchana na mtoto mgongoni na mfuko wa nguo kichwani, jicho moja limefumba. Alipiga magoti hapo sebuleni.

"Baba, ni we ulinisemea. Uende uwaambie."

Nami nilikuwa navaa viatu kwenda kwenye sherehe nyingine. Nilimjibu kwa upole, sauti yangu bora:

"Mutoto wangu, mi nilikuwa pale kikazi. Kazi iliisha. Enda kwa baba zako wadogo, wao njo wenye mambo."

"Wao wananiambia nikuone we."

"Apana. Mi siwezi ingia katika mambo ya familia ya watu."

Ulimpa maji. Ulimsindikiza mpaka barabarani na ukarudi, ukaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Sikukueleza siku ile na sina maelezo leo. Mwaka jana nilimwona. Nilikuwa napanga viti kwenye mkusanyiko wa kumaliza matanga, naye alikuwa miongoni mwa wageni, bado yuko kwa yule bwana, jino la mbele halipo. Alinisalimia kwa mikono miwili. "Amahoro, mwalimu." Aliniulizia habari zako kwa jina. Ningefurahi angenitukana.

Ndiyo, viti. Unajua nilivyofika huko kwa sababu ulikuwa nyumbani, lakini hatukuwahi kuliongelea, tuliruka tu kama watu wanavyoruka dimbwi. Nilirudi shuleni kuomba nafasi yangu. Direkta mpya ni kijana niliyemfundisha. Alinipa kiti, akaagiza fanta, akanieleza kwa heshima kubwa kwamba nafasi imejazwa, na kwamba serikali ikiajiri inatafuta vijana. Alinisindikiza mpaka langoni. Heshima yake yote ile sikuipatia la kufanya. Nilijaribu kuuza unité, yaani vocha za simu, nikawakopesha marafiki nikabaki na marafiki. Nilijaribu kufundisha watoto wa watu majumbani. Wazazi wakasema siku hizi wanataka Kiingereza. Ndipo mwenye viti na mahema, yule niliyekuwa nakutana naye kwenye sherehe nikimwamuru asogeze spika, akaniambia anahitaji mtu mzima wa kuaminika. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Kwa hiyo nafika kabla ya wageni na kuondoka baada yao. Nafuta viti, nafunga vitambaa vyeupe nyuma yake, nakaa karibu na gari mpaka maneno yaishe. Nawasikiliza wanaosema. Mwanzoni nilikuwa nasahihisha moyoni. Sasa nasubiri tu wamalize nikusanye. Watu huniuliza, "Mwalimu, we uko kwa familia gani leo?" wakidhani nimealikwa. Zamani nilikuwa natunga jibu. Siku hizi nawaambia niko kwa viti.

Usifikiri nataka huruma. Mgongo unauma, lakini kazi si aibu, na sijasema popote kwamba ni aibu. Ninachokuambia ni kwamba nilikwenda upande mmoja wa maisha, nikaona si penyewe, nikageuka kurudi, na pale nilipotoka hapakuwa tena na nafasi. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kosa hurekebishwa. La daftarini ndiyo. Nimezunguka miaka hii kutafuta hili langu linarekebishwa wapi, na sijapaona.

Kisha ukaja wewe na Patrick wako.

Ulituambia jikoni kwamba anataka kukuoa, umesimama, kana kwamba unaomba radhi. Diploma yako ilikuwa imekaa miaka kabatini, umepeleka maombi kila ofisi inayofungua mlango, na hakuna aliyejibu. Ningekuambia ungoje. Ndilo baba mwenye kitu angesema: ngoja, mjue vizuri, kuna chakula na kuna muda. Nilitazama kabati, nikatazama mama yako, sikuona cha kukupa ungoje nacho. Nikasema, "Ni vizuri." Na wao wakapanga siku.

Nikaenda kutafuta wa kunisemea. Nilianza na Baba Didier, nani mwingine? Binti zake watatu nimewasemea, wa kwanza bure, wawili kwa bei. Alinikaribisha vizuri. Nilimweleza. Akakuna goti.

"Mwalimu, mi siko mutu wa maneno."

"Maneno haina shida, ndugu yangu. Mi nataka mutu."

"Ile njo nasema. We mwenyewe ulitufundisha, hii ni kazi ya wenye kuijua. Tafuta mutu wa kazi, umulipe, mambo iende muzuri."

Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Aliniambia kwa nia njema, kama mtu anayerudisha jembe aliloazima, amelisafisha. Nikaenda kwa wengine. Mmoja ana safari, mwingine koo linamuuma, mwingine alicheka akasema mganga hajigangi, akanipa bia. Sikuambiwa hapana hata mara moja, niliambiwa tu nani ni hodari na bei yake. Mwishowe bosi wangu akanitolea kijana mmoja wa kulipwa, yule mwenye koti la kung'aa, akakata malipo yake kwenye mshahara wangu.

Yaliyofuata siku ya mahari uliyasikia, ingawa ulikuwa ndani na hukuona uso wangu. Mjomba wa Patrick alisema vibaya. Mkulima yule wa Kanyosha alisahau kuomba ruhusa ya kuleta ng'ombe, akakumbuka, akarudi nyuma, akachanganya majina ya babu zake, na mwisho akalia kwa sababu marehemu ndugu yake, mzazi wa Patrick, hakuifikia siku ile. Nilimwonea wivu. Mtu huyo akiitwa usiku wa manane kwa ajili ya Patrick atakwenda kwa miguu.

Na wa kwetu akasimama. Sauti nzuri! Alikusifu kwamba tangu utoto uliamka na jogoo kukamua na kusuka maziwa, wewe ambaye mpaka leo maziwa yanakutia kichefuchefu. Akakuita Clarisse. Clarisse alikuwa wa Jumamosi iliyotangulia, nilifuta viti vyake. Shangazi zako wakapiga kelele, "Claudette! Claudette!" akacheka, akageuza ikawa utani, watu wakapiga makofi. Mimi nimekaa mbele, baba wa binti, mikono juu ya magoti. Nilikuwa na neno. Nilikuwa nalo zima, tangu siku uliyozaliwa, jina lako tulilitoa wapi, mvua iliyokuwa inanyesha. Lakini baba akisema siku ile ameharibu, wageni wana haki ya kuinuka na kuondoka, na ningekuwa nimekuvunjia ndoa mbele ya watu. Nikanyamaza. Mama yako, upande wa pili ndani ya imvutano yake, vazi lake la sherehe, alikuwa ananitazama mimi, hakumtazama msemaji.

Juzi nilikwenda kwa kijana huyo. Nilimwambia mama yako nakwenda kurudisha vitambaa. Nilimkuta Gasenyi anafua soksi. Nilitaka kumwomba jambo moja tu, akubali jina lake na namba yake ya simu uende nayo, ili mambo yakikuelemea awe wa kuitwa, aongee na yule mjomba wa Kanyosha, ulinganifu uwepo. Alinisikiliza akiendelea kusugua.

"Ilikuwa bibi harusi gani, mzee?"

Nikamwambia. Akafikiri kwa bidii, akijitahidi kweli, maana si mkaidi.

"Siku ile nilikuwa na mbili," akasema. "We ulikuwa wa asubuhi ao wa nyuma ya saa sita?"

Nilimwambia haidhuru. Nilimuaga nikarudi kwa miguu mpaka nyumbani. Njia yote sikumchukia. Ni mimi nikiwa na umri wake na koti la kung'aa.

Basi ndivyo ilivyo. Nilikuwa nimefikiri barua hii ikifika hapa nitakuwa nimepata la kukutia moyo, kwa kuwa maneno huja yakiandikwa. Hayajaja. Ningeweza kukuambia uniite mimi, lakini wewe unajua neno la baba kwenye ukwe linahesabika hasira, na safari ya Lusaka ni siku nyingi, na nauli ya kuifanya hata mara moja sitakuwa nayo. Ningeweza kukuambia ujisemee mwenyewe. Mama yako ndivyo anavyosema: "Asiogope, afungue kinywa." Lakini katika nyumba hii maneno yote niliyamaliza mimi. Mezani nilisema mimi, kwa wageni nilisema mimi, hata ukiulizwa jina lako nililitaja mimi, na wewe ukakua ukitabasamu pembeni. Nilijivuna, nikawaambia watu binti yangu ni mpole.

Kuna jambo moja limebaki na sitaweza kukuuliza kesho kwenye basi, mama yako yuko pale na watu wa Patrick wako pale. Jumamosi walipokutoa nje, wakakusimamisha katikati ya hema, msemaji akakuuliza kama desturi inavyotaka: je, watu hawa unawajua, na je, unakubali kwenda nao? Ulinitazama mimi. Mimi nikatazama chini, kwa sababu ndiyo adabu ya baba. Nilipoinua macho, midomo yako ilikuwa imekwisha kusogea, na yule kijana tayari alikuwa na mikrofoni mdomoni, anapaza: "Amekubali! Amekubali!" Vigelegele vikajaa, sono ikafunguliwa, ikawa basi.

Claudette, katika watu wote waliokuwa chini ya hema lile hakuna aliyekuwa karibu nawe kuliko mimi. Sikusikia ulichosema. Nimewauliza shangazi zako, nao hawakusikia. Na nimekaa nawe siku zote hizi nisikuulize, kwa sababu kama ulisema hapana, sijui ningemtuma nani kwenda kuwaambia.

Baba yako